Kiyunani Kilivyofika Malolo

Kigiriki ni lugha ya watu wapatao milioni 13, wengi wao wakazi wa Ugiriki na Saiprasi. Miongoni mwa lugha za Kihindi-Kiulaya zilizo hai leo, hakuna ambayo maandishi yake yanarudi nyuma zaidi. Vibao vya udongo vya karne ya 14 na ya 13 kabla ya Kristo, vilivyochimbuliwa Krete na Ugiriki bara, vilifumbuliwa mwaka 1952 na Michael Ventris, msanifu majengo wa Kiingereza, ikabainika kwamba lugha iliyomo ni Kigiriki. Sehemu kubwa ya vibao hivyo ni hesabu za ghala: kondoo, mafuta, magurudumu, viungo. Kiungo kimoja kimeandikwa sa-sa-ma. Huo ni ufuta, zao lilelile ambalo wakulima wa Malolo, kata ya wilaya ya Ruangwa mkoani Lindi, hulikata, wakalifunga matita, wakalisimamisha juani mpaka maganda yapasuke midomo, kisha wakaligeuza juu chini na kulikung'uta juu ya turubai. Wagiriki walilipata neno hilo kwa watu wa Mashariki ya Kati, na ni hao hao ambao ndugu zao Waarabu walisema simsim, jina ambalo Wakenya na Waganda wanalitumia hadi leo. Lugha iliyokopesha dunia nzima ilianza nayo kwa kukopa.

Hakuna kumbukumbu ya mji wa Wagiriki katika nchi ya Wamwera, wala lugha yao haikupata kuzungumzwa sokoni Ruangwa au Nachingwea. Hata hivyo maneno yao yapo huko, mengi kuliko yanavyodhaniwa. Yapo shuleni, msikitini, kanisani, zahanati, ghalani na porini. Yalifika kwa mikono ya watu wengine, na kila mkono uliacha alama yake juu ya neno uliloleta.

Jina la lugha hii ni ushahidi wa kwanza. Wenyewe hujiita Waeleni, na lugha yao huiita Elinika. Warumi waliwaita Graeci, na kutoka kwao Waingereza wakapata jina ambalo Kiswahili kimelifanya Mgiriki na Kigiriki. Lakini watu wa mashariki walikutana kwanza na Wagiriki wa Ionia, pwani ya magharibi ya Uturuki ya leo. Waajemi wakawaita Yauna, Waarabu wakasema Yunan, na Kiswahili cha dini na cha vitabu kikapokea Myunani na Kiyunani. Biblia ya Kiswahili husema Wayunani. Msemaji wa Kiurdu, lugha ya Pakistani na India, naye husema yūnānī na wala hana jina jingine. Kwa hiyo mwenye kusema Kigiriki amelipata jina kwa njia ya Ulaya, na mwenye kusema Kiyunani amelipata kwa njia ya Uajemi na Uarabuni. Kiswahili kimezishika njia zote mbili.

Uhusiano wa Kiurdu na Kigiriki ni wa namna mbili. Kwanza ni wa damu, kwa sababu Kiurdu na Kigiriki ni watoto wa mbali wa mama mmoja. Jina kwa Kigiriki ni onoma, kwa Kiurdu ni nām. Jino ni odontos linapotajwa kwa umilikishi, kwa Kiurdu dānt. Pili ni wa ujirani. Aleksanda wa Makedonia, ambaye kwa Kiurdu ni Sikandar, alifika bonde la mto Indus kabla ya kufa kwake mwaka 323 kabla ya Kristo, na katika karne iliyofuata mfalme Ashoka wa India aliamuru matangazo yake yachongwe kwa Kigiriki kwenye miamba ya Kandahar. Kiswahili ni lugha ya Kibantu na hakina damu ya namna hiyo. Kila neno la Kigiriki lililomo ndani yake ni mkopo, na mkopo huacha nyayo zinazofuatika.

Kwa ujenzi wake, Kigiriki hakimtishi sana mwenye kujua Kiswahili. Kitenzi hubeba mtenda ndani yake: graphō ni “naandika”, grapheis ni “waandika”, graphei ni “aandika”. Kiswahili humweka mtenda mwanzoni mwa kitenzi, Kigiriki humweka mwishoni. Katika lugha zote mbili si lazima kutaja “mimi” wala “wewe”. Nomino hugawanywa katika jinsi tatu, za kiume, za kike na zisizo za upande wowote, na kivumishi lazima kilingane na nomino yake, kama vile Kiswahili kinavyodai m- kwa mti na ki- kwa kiti. Nguvu yake kubwa, iliyokifanya kiwe karakana ya majina ya dunia, ni kuunganisha mashina mawili yakawa neno moja. Kiswahili kinayo nguvu hiyo pia katika mwanasheria na kifaurongo, ila hakikuitumia kwa wingi huo.

Hati yake ilitokana na ya Wafoinike, katika karne ya 8 kabla ya Kristo au karibu na hapo. Wafoinike waliandika konsonanti pekee. Wagiriki walichukua alama ambazo hazikuwa na kazi katika matamshi yao wakazifanya irabu, na ndiyo mara ya kwanza hati ikawa na a, e, i na o zenye nafasi kamili sawa na konsonanti. Herufi za Kirumi zilizo ubaoni katika shule ya msingi yoyote ya Ruangwa ni wajukuu wa herufi hizo. Alifu na be za madrasa ni wajukuu wa Wafoinike kwa upande mwingine, ambao ndio pia upande wa hati ya Kiurdu. Alfa na alifu ni jina moja, nalo zamani lilikuwa la ng'ombe.

Mkutano wa kwanza wa Kigiriki na pwani hii ulikuwa wa baharini. Katikati ya karne ya 1 baada ya Kristo, mfanyabiashara wa Misri aliyeandika Kigiriki cha kawaida, kile kiitwacho Koine, aliacha mwongozo wa safari za Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi. Jina lake halikuhifadhiwa. Kitabu kinajulikana kama Periplus ya Bahari ya Erithrea. Pwani ya Afrika Mashariki anaiita Azania, na soko lake la mwisho analiita Rhapta. Kutoka huko zilitoka pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa; zilizoingia ni mikuki, mashoka, visu vidogo na vitu vya kioo. Mwandishi analieleza jina la Rhapta mwenyewe: limetokana na mashua zilizoshonwa, kwa maana rhaptein ni kushona. Mashua hizo pwani inazijua. Ni ukoo wa mtepe, chombo kilichofungwa mbao kwa mbao kwa kamba za kumbi la nazi bila msumari hata mmoja, kilichoendelea kuundwa upande wa Lamu hadi karne ya 20.

Kuna jambo jingine katika kurasa hizo chache ambalo lina uzito mkubwa kwa historia ya lugha. Manahodha wa Kiarabu kutoka Muza, bandari ya Yemen, wanasemwa kuwa walizoeana na wenyeji, wakaoana nao na kuifahamu lugha yao. Lugha hiyo haikutajwa kwa jina. Lakini hapo, kwa Kigiriki, ndipo penye maandishi ya kwanza yanayosema kwamba pwani hii ilikuwa na lugha yake na kwamba wageni walijifunza kuisema.

Yapata mwaka 150, Ptolemaio wa Aleksandria aliandika jiografia yake. Akamtaja nahodha Dioskoros aliyetoka Rhapta akaenda kusini hadi rasi iitwayo Prason, jina lenye kufanana na neno la mboga ya kijani ya jamii ya vitunguu. Wachunguzi wengi wameiweka Prason karibu na Rasi Delgado, kusini kidogo ya mlango wa Ruvuma. Wakiwa wamesema kweli, basi Dioskoros aliipita pwani ya Lindi, nayo ndiyo bandari ya asili ya nchi ya ndani ambamo Malolo imo.

Baada ya hapo Kigiriki kilinyamaza pwani, na maneno yake yakaanza kuja kwa Kiarabu. Hii ndiyo njia iliyoleta mengi na ya zamani zaidi, na ndiyo inayostahili kutazamwa kwa karibu.

Sehemu ya maneno hayo iliingia Kiarabu kabla ya Uislamu, kupitia Kiaramu na Kiajemi. Kalamu ni kalamos, yaani tete. Neno hilo lilikuja na kitu chenyewe: wanafunzi wa madrasa za pwani walichonga tete kwa kisu, wakalikata ncha kwa mshazari, wakapasua ufa mwembamba katikati ili ushike wino, na kuandikia ubao. Aliyekuwa na kalamu ya namna hiyo mkononi alikuwa ameshika maana ya neno. Karatasi ni khartēs, jani la mafunjo lililotengenezwa Misri. Yote mawili yamo ndani ya Qur'ani, kwa hiyo popote ilipofika Qur'ani yalifika nayo. Dirhamu ni drakhmē, ambayo awali ilikuwa kiasi cha kujaza kiganja cha mkono. Almasi ni adamas, “isiyoshindwa”. Zumaridi ni smaragdos. Yakuti ni hyakinthos. Injili ni euangelion, “habari njema”. Ibilisi ana mabishano: wanaisimu wengi humrudisha kwa diabolos wa Kigiriki, ilhali wafasiri wengi wa Qur'ani hulitoa jina lake katika kitenzi cha Kiarabu cha kukata tamaa.

Jozi inahitaji maneno zaidi. Wagiriki walisema zeugos kwa ng'ombe wawili waliofungwa nira moja. Waaramu wakalichukua, Waarabu wakalifanya zawj, na kwa baadhi yao likageuzwa jawz. Pwani ikasema jozi. Kwa Kiurdu neno hilo limeingia nyumbani: zauj ni mume na zauja ni mke. Kwa Kiswahili limeenda sokoni: jozi ya viatu, jozi ya karata. Maana ya asili, wawili waliofungwa pamoja kwa kazi moja, Kiurdu kimeihifadhi vizuri zaidi.

Kanuni nayo imegawanyika. Kwa Kigiriki kanōn ulikuwa mti ulionyooka, fimbo ya fundi ya kupimia kama ukuta umekaa sawa. Kwa Kiurdu qānūn ni sheria ya nchi, ile itungwayo na bunge na kuamuliwa mahakamani. Kwa Kiswahili sheria ilikwisha kuwa na jina lake, kwa hiyo kanuni ikashuka ngazi: kanuni za mchezo, kanuni za afya, kanuni za sarufi. Wapiga taarabu wa Zanzibar wanalo neno hilohilo kwa ala yenye nyuzi nyingi ilalayo mapajani. Na jinsi, ambayo kwa Kiswahili ni namna ya kufanya jambo, ni genos, yaani ukoo au aina. Jinsia ni mtoto wake.

Sehemu ya pili ililetwa na wafasiri wa Baghdad kati ya karne ya 8 na ya 10. Mkuu wao, Hunayn ibn Ishaq, aliyeishi kutoka mwaka 809 hadi 873, alifasiri vitabu vya tabibu Galen kwa Kisiria na Kiarabu. Ndipo falsafa ilipopata jina lake, kutoka philosophia, “kupenda hekima”. Lakini kilichoenea hadi vijijini ni tiba. Wagiriki walifundisha kwamba mwili una majimaji manne: damu, ute, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi, na kwamba maradhi ni kuzidi kwa mojawapo. Waarabu waliyaita dam, balgham, safra na sauda. Balgham ni phlegma ya Kigiriki iliyobadilishwa matamshi, na Kiswahili husema balghamu. Safra ni Kiarabu, “umanjano”, lakini wazo lake ni la Wagiriki.

Neno safura linasikika hadi leo katika zahanati za kusini. Ni ugonjwa wa minyoo inayoingia kwa nyayo tupu, ikafyonza damu hadi mgonjwa akapauka, macho na viganja vikawa vyeupe. Jina lililobuniwa kwa nyongo ya manjano liliangukia kwa mtu aliyepauka kwa kupungukiwa damu, na sayansi ilipompata mnyoo mwenyewe, jina likahamia kwake: minyoo ya safura. Kwa Kiurdu mfumo mzima umebaki hai kwa jina lake, tibb-e yūnānī, tiba ya Kiyunani, ikiwa na vyuo na maduka ya dawa. Nyumba mashuhuri ya dawa hizo, Hamdard, ilianzishwa Delhi mwaka 1906. Mganga wa tiba hiyo huitwa hakīm, neno ambalo ndugu yake wa mzizi mmoja, hakimu wa Kiswahili, amekaa mahakamani.

Njia ya tatu ilikuwa ya misheni. Edward Steere alifika Zanzibar mwaka 1864, akawa askofu mwaka 1874, na mwaka 1876 aliongoza kwa miguu kundi la watu waliokombolewa utumwani kutoka Lindi kwenda bara. Walikusudia kufika mbali zaidi, lakini wakaweka makazi Masasi, jirani ya kusini ya Nachingwea. Steere huyo huyo alikuwa akifasiri Agano Jipya kutoka Kigiriki hadi Kiswahili cha Unguja. Alikufa mwaka 1882, na Biblia nzima ya Kiswahili ikachapishwa mwaka 1891. Kwa kazi hiyo Koine, lugha ya yule mfanyabiashara wa Periplus, ilirudi pwani kwa mara ya pili.

Wafasiri walilazimika kuchagua kati ya kufasiri neno na kuliacha. Logos walilifanya Neno. Baptizein, “kuzamisha majini”, waliliacha likawa kubatiza. Khristos, “aliyepakwa mafuta”, likawa Kristo, na wafuasi wake Wakristo. Wakristo wa Kiurdu walikwenda upande mwingine: kwao Yesu ni Masīh, kwa Kisemiti, na wafuasi wake ni Masīhī. Maana ni moja, mafuta ni yaleyale. Askofu ni episkopos, “mwangalizi”, aliyepitia kwa Waarabu. Ekaristi ni shukrani. Na katika misheni za Wabenedikto, Ndanda iliyoanzishwa mwaka 1906 ikiwa mojawapo, waumini waliimba Kigiriki chenyewe bila kukijua, kwa kuwa misa ya Kilatini ilihifadhi Kyrie eleison, “Bwana, uhurumie”. Waliendelea hivyo mpaka misa ilipoanza kusomwa kwa lugha za watu baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano.

Utawala wa Wajerumani nao uliacha neno moja kubwa. Skholē kwa Wagiriki ilikuwa nafasi, muda ambao mtu hana kazi ya mikono, kwa hiyo anaweza kukaa na kujifunza. Kilatini kikalifanya schola, Kijerumani Schule, na Tanganyika ikalifanya shule. Zanzibar, iliyokuwa chini ya Waingereza, husema skuli. Mpaka wa wakoloni wawili umo bado ndani ya neno moja la Kigiriki.

Kisha kikaja kishindo cha Tendaguru. Mwaka 1906 mhandisi Bernhard Wilhelm Sattler aliona mifupa mikubwa mno katika kilima hicho, kaskazini magharibi ya mji wa Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 makumbusho ya Berlin yaliendesha uchimbaji ulioongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig. Kazi yenyewe ilifanywa na mamia ya wenyeji chini ya msimamizi Boheti bin Amrani. Walichimba, wakaifunika mifupa kwa plasta, wakaifunga kwa mianzi, wakaibeba kwa vichwa na mabega mwendo wa siku kadhaa hadi bandarini. Zaidi ya tani 200 ziliondoka hivyo.

Mifupa ilipofika Ulaya ilipewa majina ya Kigiriki. Jina la jumla, dinosaria, lilikuwa limekwisha kutungwa na Richard Owen mwaka 1842: deinos, “ya kutisha”, na sauros, “mjusi”. Kentrosaurus ya mwaka 1915 ina kentron, “mwiba”, kwa sababu ya miiba ya mgongoni na mkiani. Dicraeosaurus ni “mjusi wa panda”, kwa pingili za shingo zilizogawanyika kama panda ya mti. Elaphrosaurus ni “mjusi mwepesi”. Majina haya hayakuwa mapambo. Kila moja ni maelezo mafupi ya umbo, na aliyebeba pingili ya Dicraeosaurus kichwani aliijua panda hiyo kabla haijapata jina. Haki ilichelewa. Mwaka 2007 mnyama mmoja wa Tendaguru aliitwa Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti, na ndani yake mna dokos, “boriti” kwa Kigiriki. Mwaka 2019 mwingine aliitwa Wamweracaudia: Wamwera, wenye nchi, na neno la Kilatini la mkia.

Desturi hiyo ya kuita viumbe kwa Kigiriki na Kilatini, iliyowekewa msingi na Carl Linnaeus wa Sweden mwaka 1753 kwa upande wa mimea, imezifikia hata kuni na mashamba. Miti ya miombo ni Brachystegia, kutoka brakhys, “fupi”, na stegē, “kifuniko”. Mpingo ni Dalbergia melanoxylon: melas, “nyeusi”, xylon, “mti”. Mninga ni Pterocarpus, “tunda lenye bawa”, na hapa Kigiriki kimesema kweli tupu. Tunda la mninga ni bapa la mviringo, katikati lina kitovu kilichojaa manyoya makali, na kuzunguka kitovu pana ukingo mwembamba mkavu kama karatasi. Upepo ukiuchukua ukingo huo, tunda linazunguka na kuelea mbali na mama yake.

Karanga ndizo zilizoileta desturi hiyo Nachingwea kwa kishindo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika, Kongwa, Urambo na Nachingwea zikiwa vituo vyake. Trekta ziling'oa miombo, bandari ya Mtwara ikajengwa, reli ikafika Nachingwea mwaka 1949. Mapema mwaka 1951 mpango ulitangazwa kuwa umeshindwa, na miaka michache baada ya uhuru hata reli haikuwepo. Jina la karanga ni Arachis hypogaea. Hypo ni “chini”, gaia ni “ardhi”. Ua la karanga huchanua juu, likishachavushwa kikonyo chake hurefuka, huinama, hutoboa udongo, na mbegu hukomaa gizani. Kwa hiyo karanga inataka udongo laini. Ule mgumu uliokauka kama saruji, hasa Kongwa, ulivunja majembe ya mashine na kuzifungia karanga wakati wa kuvuna. Sharti la zao lilikuwa ndani ya jina lake tangu mwanzo.

Korosho, tegemeo la fedha la Malolo na wilaya zote za jirani, ni Anacardium, na ndani yake mna kardia, “moyo”, kwa ajili ya umbo. Zinapofikishwa ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, zikiwa katika magunia, hupimwa kwa kilo. Kilo ni khilioi, “elfu moja”, neno lililochukuliwa na Wafaransa mwaka 1795 walipoweka vipimo vya mita na gramu. Mkulima aliyewahi kuuza kwa kangomba, ambako korosho hupimwa kwa bakuli la mnunuzi, anajua thamani ya hiyo elfu ya Kigiriki ikisomwa kwenye mizani ya haki. Huko ghalani baiskeli nazo huegeshwa ukutani, kila moja ikiwa na kyklos, “duara”, ndani ya jina lake.

Wagiriki wenyewe walikuja Tanganyika tangu enzi ya Wajerumani, wengi wakifuata ujenzi wa reli na baadaye mkonge wa Tanga, Morogoro na Kilimanjaro. Kanisa lao la Kiorthodoksi liko chini ya Patriaki wa Aleksandria, ambaye jimbo lake la Dar es Salaam, lililoundwa mwaka 1958, linaitwa Irinoupolis. Eirēnē ni “amani”, polis ni “mji”: jina la Kiarabu ambalo Sultani Majid aliupa mji huo limefasiriwa kwa Kigiriki. Uganda ilitangulia. Huko Reuben Mukasa, aliyejiongezea jina la Spartas, alianzisha Kanisa la Kiorthodoksi la Waafrika mwaka 1929, bila mmisionari wa Kigiriki kumwita, na Aleksandria ikalipokea mwaka 1946. Nairobi, Askofu Mkuu Makarios wa 3, rais wa Saiprasi, aliweka msingi wa seminari ya Kiorthodoksi mwaka 1971. Kusini mwa Tanzania wimbi hilo halikufika kwa nguvu.

Kilichofika karibuni ni cha ardhini. Wilaya ya Ruangwa ina amana kubwa ya madini ambayo Watanzania huyaita kinywe, na miradi ya kuyachimba, kama Chilalo na Lindi Jumbo, imo humo. Jina la kitaalamu ni grafiti, lililotungwa mwaka 1789 na Abraham Gottlob Werner, mtaalamu wa madini wa Kijerumani, kutoka graphein, “kuandika”. Ndiyo graphein ileile ya graphō na ya jiografia. Werner aliangalia kazi iliyokuwa ikifanywa na jiwe hilo laini lenye kuacha weusi wa kung'aa vidoleni. Kwa muda mrefu watu walidhani ni aina ya risasi, na ndiyo maana penseli huitwa bado kalamu ya risasi, ingawa haina risasi hata chembe. Mwaka 1795 Nicolas-Jacques Conté wa Ufaransa alisaga grafiti, akaichanganya na udongo wa mfinyanzi, akaioka katika tanuri. Udongo ukizidi mwandiko huwa mgumu na mwepesi, grafiti ikizidi huwa laini na mweusi. Penseli za shule hutengenezwa hivyo mpaka sasa. Leo sehemu kubwa ya kinywe huenda kwenye betri na katika viwanda vya chuma, na kiasi kidogo tu hubaki katika kazi iliyoipa jina lake.